Tundu Ambalo Jicho Halioni

Fundi wa rejeta hulisoma gari kwa maji yake. Kabla hajauliza limetoka wapi, atafungua kifuniko, atachovya kidole, atakitazama juani, na aghalabu njia yote ataijua. Maji ya rangi ya chai ni kutu ya chuma kutoka ndani ya injini. Ukoko mweupe mdomoni ni maji ya kisima, na kaskazini mashariki mwa Kenya maji ya kisima mara nyingi yana chumvi, tofauti ni kiasi tu. Akiona ukoko wa kijani kibichi kwenye maungio, haulizi tena. Hapo shaba imeanza kuondoka.

Garissa ni mji mzuri wa kujifunzia kazi hii, na mji mbaya wa kuwa rejeta. Joto la mchana hukaribia au kupita nyuzi 35 kwa miezi mingi ya mwaka. Soko lake la mifugo ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki, kwa hiyo malori huingia yakiwa yamejaa ng'ombe na mbuzi kutoka Wajir na Mandera, na hurudi yamejaa unga, sukari na saruji. Mengine hukata kulia kuelekea Dadaab, kiasi cha kilomita mia moja hivi. Lori lililobeba shehena, linalotambaa kwenye mchanga kwa gia nzito huku upepo ukivuma kutoka nyuma, halipati hewa ya kutosha ya kupozea chochote. Dereva akiona mshale wa joto unapanda husimama kwenye kisima kilicho karibu na kujaza alichokikuta. Chini ya sehemu hii ya nchi kuna hifadhi kubwa ya maji ya ardhini iitwayo Merti, ambayo ndiyo imewanywesha watu wa Dadaab tangu kambi zilipoanzishwa mwaka 1991. Katikati yake maji ni matamu. Ukisogea pembeni yanakuwa ya munyu. Rejeta haina ulimi wa kuchagua.

Rejeta ninayoizungumzia hapa ni ile ya zamani, ya shaba, ambayo bado imo kwenye malori mengi yaliyokula miaka. Juu na chini ina matangi ya shaba ya manjano. Kati yake imesimama mirija bapa, nayo ni ya shaba ya manjano, na baina ya mirija yamekunjwa mapezi ya shaba nyekundu, membamba kiasi kwamba ukiyagusa kwa kidole yanalala. Vyote vimeunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi. Ni kifaa cha akili sana. Shaba nyekundu husafirisha joto karibu mara mbili ya alumini, na mirija ya shaba ya manjano ina nguvu ya kustahimili mtikisiko wa barabara. Ila shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na maji ya chumvi yakiwa moto huitoa ile zinki taratibu, yakaacha shaba tupu yenye vitundu kama sifongo. Kwa nje mrija unaonekana mzima, umegeuka mwekundu kidogo tu. Ukiuminya unavunjika.

Basi rejeta inayovuja imeletwa, imeoshwa tope, imelazwa juu ya benchi la mabati. Anayeitazama kazi hii kwa mara ya kwanza hudhani ufundi uko kwenye moto. Moto ni sehemu ndogo, tena ya mwisho. Ufundi wenyewe uko kwenye kusafisha, na sababu yake utaiona shaba ikipashwa joto.

Shaba safi, iliyokwanguliwa sasa hivi, ina rangi ya waridi. Ipitishie mwali wa gesi na ndani ya dakika chache rangi zinaanza kukimbia juu yake: wekundu uliokolea, zambarau, buluu, kisha weupe wa fedha ambao haudumu, na mwisho weusi. Hakuna aliyepaka kitu. Ni oksijeni ya hewani inayoungana na shaba, na rangi hizo zote zinatokana na unene wa utando wa oksidi unaoongezeka, kuanzia makumi machache ya nanomita. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na unaorudi kutoka chini yake, na kila unene una rangi yake. Utando ukishakuwa mweusi umekuwa mnene, na ukipoa hubanduka kwa magamba. Lehemu haishiki juu ya weusi huo. Itayeyuka, itajikunja iwe vidonge vinavyong'aa, na itabingirika hadi sakafuni.

Ndiyo maana fundi hukwangua kwa brashi ya waya na msasa, halafu papo hapo, kabla hewa haijapata nafasi, hupaka dawa. Dawa ya jadi kwenye karakana nyingi za jua kali hutengenezwa palepale: tindikali ya chumvi ndani ya chupa, na ndani yake vipande vya zinki vilivyokatwa kutoka kwenye maganda ya betri kavu za tochi. Huchemka na kutoa gesi ya hidrojeni, kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, mbali na sigara. Ikiacha kuchemka na zinki ikabaki chini haijaliwa, tindikali imeshiba, na kilichobaki ni maji ya kloridi ya zinki. Yakipata moto juu ya shaba huyeyusha oksidi iliyobaki na kuifunika ile sehemu hewa isiingie. Ni mfuniko wa muda mfupi sana, wa kusubiria mfuniko wa kudumu.

Hapo ndipo bati linapoingia. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za selsiasi, wakati shaba yenyewe inangoja hadi 1085. Katikati ya namba hizo mbili fundi ana nafasi pana, lakini haitumii yote, kwa sababu maungio ya jirani yameshikwa na lehemu hiyohiyo na moto ukizidi upande huu, upande ule unaachia. Anapitisha mwali kwa kuupunga. Anagusa kwa fimbo ya lehemu na kuiondoa, anagusa tena. Mara inakubali: ile nukta ya fedha inatanda yenyewe juu ya shaba, inakimbilia kila palipo safi. Haikukaa juu tu. Kwenye mpaka wa metali hizo mbili atomu za bati na za shaba zimeungana zikawa metali ya tatu, nyembamba, ngumu. Kwa hiyo ukitaka kulibandua bati hilo baadaye itabidi ubandue na shaba.

Kisha anafuta. Akiwa na kitambaa cha pamba kilichokunjwa, anapitisha mkono mara moja juu ya bati ambalo bado ni maji, na linabaki koti jembamba linalometa. Anaiinamisha rejeta upande wa jua. Hatazami pale panapong'aa. Anatafuta doa lililofifia, ukubwa wa kichwa cha sindano, mahali bati lilipopakimbia kwa sababu palibaki uchafu. Akilipata anarudia mwanzo: brashi, dawa, moto.

Kurudia huku ndiko kunakowachosha wateja. Nimemsikia dereva kijana, lori lake limesimama juani, akimsihi fundi mwenye mvi, akimwita ami kwa Kisomali:

"Adeer, si uzibe tu pale panapovuja?"

"Pale panapovuja leo nitaziba. Na kesho ukiwa Modogashe?"

"Adeer, nina mbuzi juu."

"Washushe wanywe maji."

Mbuzi hawakushushwa, wala mkono wa mzee haukuongeza kasi.

Kuna maabara za mbali ambako swali hilihili, la jinsi ya kuifunika shaba isiliwe na hewa, limewashughulisha watu wenye vifaa vya gharama kubwa. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walifaulu kutenga utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Waliubandua kutoka kwenye grafaiti, ile iliyomo ndani ya penseli, kwa kutumia utepe wa gundi. Utando huo ndio grafini, na mwaka 2010 ukawapa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ukipanga tando kama hizo milioni tatu utapata unene wa milimita moja. Hata gesi ya heli, yenye atomu ndogo kupita kiasi, haiwezi kupenya katikati ya kaboni zake. Halafu mwaka 2009 kundi la Rodney Ruoff katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin likaonyesha namna ya kuiotesha grafini juu ya karatasi ya shaba, kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1000 hivi, kwa gesi ya methani. Shaba ikawa shamba la grafini.

Ni rahisi kuelewa kwa nini watu walifurahi. Rangi yoyote utakayoipaka rejeta hupunguza joto linalotoka, na ndiyo sababu fundi wa Garissa, akimaliza, hupuliza rangi nyeusi kidogo tu, ya kufunika aibu. Koti la grafini ni jembamba kiasi kwamba joto halijui lipo. Mwaka 2011 kundi la Ruoff na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell walichukua shaba yenye grafini na isiyo na grafini, wakazipasha moto hewani kwa nyuzi 200 kwa saa kadhaa. Tupu ilibadilika rangi. Iliyofunikwa ikabaki na rangi yake. Walichukua pia sarafu za Marekani za senti moja wakazitia kwenye hidrojeni peroksidi, na picha ya sarafu hizo, moja imeungua hudhurungi na nyingine inang'aa, ilisambaa sana. Ilionekana kama habari imeisha.

Habari haikuwa imeisha, kwa kuwa saa kadhaa si miaka. Mwaka 2013 watafiti wa Berkeley, California, walitoa matokeo ya shaba waliyoiacha ikae muda mrefu katika hewa ya kawaida, na wakasema bila kuficha kwamba kwa muda mrefu koti hilo ni afadhali lisiwepo. Mwaka huohuo kundi la Chuo Kikuu cha Pittsburgh nalo likaripoti kwamba shaba yenye grafini huliwa zaidi kwenye joto la kawaida. Tanuri lile halikuzaa utando mmoja. Grafini huanza kama mbegu nyingi zilizotawanyika juu ya shaba, kila moja inatanuka hadi ikutane na jirani yake, na zinapokutana hubaki mshono. Tena shaba ikipoa hunywea na grafini hainywei, basi hupata makunyanzi. Wanaojenga aqal, nyumba za mikeka, huku kaskazini huipandanisha mikeka, mmoja ukifunika ukingo wa mwenzake, ndiyo maana mvua haiingii. Utando wa atomu moja hauna ukingo wa kupandanisha.

Unyevu hupita kwenye mishono hiyo. Na hapa kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ufundi wote wa kufunika metali. Shaba tupu ikiachwa peke yake hewani hujivika utando wa oksidi nyekundu, na utando huo, ijapokuwa si kinga kamili, huipunguzia kasi. Grafini inapitisha umeme vizuri mno, na kanuni ya vitu vinavyopitisha umeme ni hii: viwili vikigusana ndani ya unyevu, kile kilicho dhaifu kielektroni hutoa elektroni zake na kuliwa, na chenye heshima hubaki salama. Kati ya shaba na kaboni, mwenye heshima ni kaboni. Kwa hiyo kila penye ufa pametengenezwa betri ndogo, na anayelipa ni shaba. Koti lililowekwa kumlinda mwenyewe linamnyonya.

Bati ni kinyume chake. Kati ya bati na shaba, dhaifu ni bati. Likichubuka, bati ndilo hutangulia kuliwa na shaba ya chini hupumua kidogo. Mtu yeyote wa Garissa anayeishi chini ya paa la mabati ameuona mfano wa jambo hili bila kuambiwa: mabati ni chuma kilichovikwa zinki, na mkwaruzo wa msumari hauoti kutu upesi kwa sababu zinki hujitoa mhanga. Lakini kopo la chuma lililopakwa bati, likitupwa mvuani likiwa limekwaruzika, huota kutu kwenye mkwaruzo uleule, maana kati ya bati na chuma mwenye heshima ni bati. Bati ni lilelile. Kilichobadilika ni lilichofunika.

Sitaki kuionea grafini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Peking walionyesha kwamba mpangilio wa atomu za shaba ukilingana barabara na ule wa grafini, maji hayapati njia ya kuingia kati yao, na koti hudumu. Na mwaka 2022 kundi lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Pusan, Korea Kusini, lilikwenda mbali zaidi: lilitengeneza shaba yenye uso bapa kiasi kwamba vidato vyake ni vya kimo cha atomu moja tu, na shaba hiyo, bila koti lolote, ilikataa kuoza. Pusan wanasawazisha na mzee wa Garissa anakwangua, lakini wote wawili wanaanza na uso wa shaba kabla ya kuanza na kifuniko. Na kwa mambo ya kila siku bati bado ndilo linalotumwa kazini. Nyaya za kawaida za paneli za sola, ambazo siku hizi zimeenea kwenye visima vya jimbo lote, ni nyuzi za shaba zilizopakwa bati. Huko pwani madele ya kahawa na masufuria makubwa ya shaba ya kupikia harusini hutiwa bati ndani. Hilo huwa bati tupu, lisilo na risasi, na fundi wa rejeta mwenye akili hatakubali kukuzibia sufuria kwa lehemu yake hata ukimwongezea pesa.

Turudi kwenye benchi. Baada ya moto, rejeta huoshwa kwa maji yenye magadi. Hatua hii wanafunzi huiruka, nao hawajui kwa nini kazi yao hurudi. Ile dawa ya zinki iliyosafisha shaba haijui kuacha. Mabaki yake hunyonya unyevu wa hewani na kuendelea kula. Magadi huizima.

Kisha jaribio. Midomo inazibwa kwa vipande vya mpira na vibanio, umebaki mmoja, na hapo inaunganishwa pampu ya baiskeli. Rejeta inazamishwa ndani ya pipa lililokatwa ubavu. Fundi anapampu kidogo tu, kwa kuwa rejeta ya gari hufanya kazi kwa presha ndogo, nusu ya ile ya gurudumu la gari dogo au chini yake, na ukizidisha unapasua kilichokuwa kizima. Povu la kwanza ni hewa iliyonaswa kwenye mapezi. Hupanda ovyo na kuisha. Analisubiri liishe. Anaiyumbisha rejeta, anasubiri tena. Anachokitafuta ni tone moja la hewa linalotoka mahali palepale, kwa mwendo uleule, likifuatwa na jingine. Linaweza kuchukua muda mrefu kujitokeza, maana tundu lenyewe jicho halilioni na wakati mwingine hata maji hayalipiti mpaka yawe ya moto. Akilipata huweka ncha ya kijiti cha mswaki pale, huitoa rejeta na kijiti kikiwa bado mkononi, na huchora duara kwa msumari.

Rejeta mpya ni za alumini, zenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno. Ni nyepesi na ni nafuu. Alumini nayo hujivika oksidi, tena mara moja na kwa ukamilifu kuliko shaba, na oksidi hiyo huilinda vizuri hata haihitaji koti. Uzuri wake huo ndio unaomfukuza fundi: dawa ya zinki haiiwezi, na lehemu haishiki. Rejeta ya alumini ikitoboka kati kwa kawaida hutupwa. Zile za shaba zilizokufa hazitupwi. Huuzwa kwa kilo, na bei yake ni nzuri kiasi kwamba Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa.

Mwisho kuna koti moja ambalo halipakwi kwa mkono. Dawa ya rejeta inayouzwa madukani ina kemikali za jamii ya benzotriazoli, ambazo zikigusa shaba hujishikiza juu yake na kufanya utando mwembamba sana, wa molekuli. Utando huo ukichubuka, maji yenyewe yana kemikali zaidi, na pale palipobaki wazi hufunikwa tena gari likiwa safarini. Katika yote niliyoyataja hili ndilo linalonivutia kupita mengine, kwa sababu limelikubali tundu tangu mwanzo. Ila linadai jambo moja: lisichanganywe na maji ya munyu.

Yule dereva wa mbuzi alipewa madumu mawili yaliyokwisha kuchanganywa, moja la kujaza sasa na moja la njiani. Alijadili bei ya la pili kuliko alivyojadili ya kazi nzima. Walipokubaliana, mzee alilifunga kifuniko kwa nguvu, akachora msalaba mkubwa ubavuni kwa rangi nyekundu.

"Mwambie utingo wako hili halinywewi. Ni tamu, lakini lina sumu. Hata kiu ikibana."

"Na mbuzi?"

"Hata mbuzi."